Supachaja kwenye kruza sio kitu cha kufunga asubuhi ukaondoka nacho mchana

Kila ikizunguka klipu ya Harley iliyofungwa supachaja kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapenda pikipiki hapa Dar, maswali ni yaleyale. Mmoja anauliza hiyo ni tabo au sio tabo, mwingine anasema hamna kitu hapo, ni kuongeza mlio tu, wa tatu keshatuma picha ya kifeni cha umeme kinachouzwa mtandaoni bei chee eti nacho ni supachaja, unafunga hata kwenye Boxer. Na katikati ya kelele zote hizo yupo jamaa mwenye kruza yake nzuri tu, ya kwenda nayo Bagamoyo wikiendi, ana hela kidogo imekaa, anataka kujua akiagiza hiyo seti fundi wake ataiweza au ndo watamuulia chuma. Huyu ndo ninayemwandikia, wengine mtachukua chenu humohumo.

Tuanze na kruza yenyewe maana sio kila mtu anaijua kwa jina hilo. Ni zile pikipiki kubwa za kukaa umejiachia, siti iko chini, usukani umepanda, miguu imetangulia mbele, na injini mara nyingi ni silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V. Harley-Davidson ndo jina la kwanza watu kulitaja, ila Suzuki Boulevard, Kawasaki Vulcan na Triumph Rocket nazo zimo. Injini zake zina cc nyingi (cc ni ujazo wa silinda), 1,700, 1,800 na kuendelea, lakini hazizunguki sana, Harley nyingi kubwa zinafika mwisho kwenye mizunguko 5,500 hivi kwa dakika wakati pikipiki za mbio zinapita 10,000 bila hata kushtuka. Utamu wa kruza uko huku chini, unafungua mafuta kidogo tu na mzigo wote unaondoka. Hiyo namba ya 5,500 iweke kichwani, ina kazi mbele.

Sasa supachaja. Ni pampu ya hewa, basi. Injini ya kawaida inapata hewa kwa kuvuta, pistoni inashuka, valvu inafunguka, na hewa ya nje inaingia kwa presha yake yenyewe, ambayo hapa Dar usawa wa bahari ni kama psi 14.7 (psi ni kile kipimo anachotumia fundi pancha akikujazia tairi). Inaingia inayoingia, valvu inafunga, kazi inaendelea. Supachaja inakaa njiani kabla ya hewa kufika kwenye silinda na kuisukuma kwa nguvu ili iingie nyingi kuliko ambayo ingeingia yenyewe.

Chukulia daladala ya Gongo la Mboto. Saa nne asubuhi abiria wanapanda wenyewe taratibu, waliopo wamepanda, gari inaondoka. Jioni sasa, konda anashuka anasimama mlangoni anawasukuma watu kwa mgongo mpaka gari ya abiria 26 inabeba 40. Gari ni ileile, viti ni vilevile, mzigo ndo umeongezeka. Supachaja ni huyo konda. Na mfano huu unaenda mbali kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu konda analipwa kutoka kwenye hesabu ya gari hiyohiyo, na mkishabanana hivo humo ndani joto linapanda. Mambo yote mawili yapo kwenye injini na ndiyo yanayosumbua watu.

Hilo la kulipwa ndo tofauti yake na tabo. Supachaja inazungushwa na injini yenyewe, kutoka kwenye krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni), kwa mkanda au gia au mnyororo, kwa hiyo inakula sehemu ya nguvu ili ikuletee nguvu zaidi. Tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi, yaani inatumia kitu ambacho kilikuwa kinaenda kupotea. Tabo kwa hesabu hiyo haina hasara kubwa, ila inasubiri moshi uwe mwingi ndo iamke, na joto lake kwenye pikipiki ambayo bomba la moshi linapita karibu na goti lako sio mchezo. Supachaja imefungwa moja kwa moja na injini, ukifungua mafuta inajibu papohapo. Miaka ya 80 mwanzoni Wajapani wote wanne walijaribu pikipiki za tabo, Honda walianza na CX500 Turbo, wakafuata Yamaha, Suzuki na Kawasaki, na hazikudumu sokoni. Supachaja kwenye pikipiki ni ya zamani zaidi, mwaka 1939 Georg Meier alishinda mbio za Isle of Man TT daraja la juu akiwa na BMW yenye supachaja, halafu baada ya vita kuu ya pili zikapigwa marufuku kwenye mbio na viwanda karibu vyote vikaachana nazo kwa miaka mingi mpaka Kawasaki walipotoa Ninja H2 mwaka 2015.

Turudi kwenye injini. Hewa peke yake haileti nguvu, nguvu iko kwenye petroli, hewa ni ya kuichomea tu. Gramu moja ya petroli inataka kama gramu 14.7 za hewa ili iungue yote (hiyo 14.7 imefanana na ile ya psi kwa bahati tu, msije mkachanganya). Kwa hiyo ukisukuma hewa zaidi lazima na mafuta yaongezeke, na ukiwa kwenye presha unaongeza kupita hapo, watu wanaenda kwenye gramu 12 za hewa kwa 1 ya petroli hivi, kwa sababu yale mafuta ya ziada yanapooza ndani ya silinda. Hapa ndo kosa la kwanza linapotokea. Mtu anafunga supachaja, hewa inaongezeka, nozeli za kunyunyizia mafuta ni zilezile za kiwandani, na kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini, haina habari. Mbaya zaidi ile sensa ya presha ya hewa kwenye injini nyingi za kawaida imetengenezwa isome mpaka presha ya nje tu, ikipita hapo inasoma namba ileile, yaani injini inapokea hewa ya psi 20 na kompyuta inaamini ni 14.7 na inamwaga mafuta ya 14.7. Injini inakaukiwa mafuta wakati mzigo uko juu kabisa. Pistoni zinatoboka hivo.

Hesabu ya nguvu sio ngumu. Ukiongeza psi 6 juu ya 14.7 unapata 20.7, ni asilimia 41 zaidi ya presha. Sasa kuna watu wanachukua hiyo 41 na kuigeuza nguvu moja kwa moja, Harley yenye farasi 85 kwenye tairi la nyuma wanasema itakuwa na 120. Kwa kawaida haifiki, kwa sababu ya yule konda na joto lake. Kuwa kwenye 110 hivi ni jambo la kuamini, na kiukweli farasi 25 zaidi kwenye pikipiki unazisikia mpaka kwenye mabega.

Joto sasa, na hapa nitakaa kidogo maana Dar ndo kwetu. Hewa yoyote ukiibana inapata moto. Chukua mchana wa Februari, nje nyuzi 32, ukiibana hiyo hewa kwa psi 6 kwa pampu ya kawaida inatoka karibu na nyuzi 80. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo sehemu ya faida uliyoitafuta imeshaondoka, na zaidi ya hapo inaingia kwenye silinda ambayo nayo kwenye kruza nyingi inapozwa kwa upepo tu. Upepo wa foleni ya Morogoro Road pale Ubungo unaujua mwenyewe. Kwenye injini ya V iliyokaa kwa urefu wa pikipiki silinda ya nyuma imejificha nyuma ya mwenzake, ndo inayopata moto zaidi siku zote, hata kabla hujafunga chochote.

Joto likizidi na presha ikizidi, petroli haisubiri plagi. Plagi inapiga cheche, moto unaanza kusambaa, na kabla haujafika mwisho yale mafuta yaliyobaki pembeni yanalipuka yenyewe kwa mkupuo. Unasikia mlio mkavu wa kugongagonga ukifungua mafuta kwenye gia kubwa, na kwenye kruza yenye ekzosi ya kelele unaweza usiusikie kabisa. Ushahidi uko kwenye plagi. Ifungue, isogeze kwenye mwanga, angalia ile sehemu nyeupe ya kauri inayozunguka ncha, ukiona vidoa vidogovidogo vyeusi au vinavyong'aa, vidogo kiasi kwamba bila mwanga mzuri unavipita, vile vinavyong'aa ni vipande vya pistoni yako, aluminiamu inaliwa taratibu. Fundi anayejua kazi yake anaanzia hapo kabla hajagusa kitu kingine.

Dawa zipo. Intakula, ile rejeta ya kupooza hewa kabla haijaingia kwenye injini, wenye Scania mnaijua. Kurudisha nyuma taimingi ya cheche, ambayo inakulinda lakini inakula nguvu kidogo. Na kushusha kompresheni, yaani nafasi ndani ya silinda pistoni ikiwa chini ukilinganisha na ikiwa juu. Harley zenye injini ya Milwaukee-Eight ya 107 (ni ujazo kwa inchi) zilitoka kiwandani na kompresheni ya 10 kwa 1, za 114 ni 10.5, hizo ni namba za injini inayovuta hewa yenyewe. Kawasaki walipotengeneza H2 kwa ajili ya supachaja tangu kwenye karatasi waliweka 8.5 kwa 1, na wakafanya pampu yao izunguke mara 9.2 ya krenki, yaani karibu mizunguko 130,000 kwa dakika, na ikawa nzuri kiasi kwamba hawakuhitaji hata intakula. Kile ni kiwanda chenye kitengo cha ndege. Wewe na fundi wako mnaanza na injini ambayo hakuna aliyeipangia hilo, kwa hiyo kama hutaki kubadilisha pistoni kaa kwenye psi 5 au 6 na uridhike. Anayekuambia psi 12 kwenye injini ambayo haijafunguliwa kubadilishwa pistoni, petroli ya sheli ya kawaida, jua la Dar, muulize injini ngapi kashazika.

Ile namba ya 5,500 sasa. Supachaja sio za aina moja. Kuna ya senterifugo, ni kama konokono lenye feni ndani, inarusha hewa kwa kasi. Na kuna zinazokamata hewa na kuipitisha kwa zamu, za Roots na za skrubu mbili. Ya Roots ilianza kule Indiana, Marekani, mwaka 1860 kama pampu ya hewa ya viwandani, hakuna aliyewaza pikipiki. Hizi zinazokamata zinatoa presha karibu sawa kuanzia chini mpaka juu. Ya senterifugo presha yake inapanda kwa mraba wa mizunguko, ukipunguza mizunguko nusu presha inabaki robo. Kama imepimwa itoe psi 6 kwenye 5,500, kwenye 2,500 unapata psi 1 na kidogo. Na kruza inaishi wapi? Kwenye 2,500! Unatoka Mbezi Beach mpaka Posta hujafika hata 4,000 kama una akili timamu. Kwa hiyo mtu anafunga senterifugo, anatembea mjini wiki nzima, anakuja kulalamika fundi kamwibia maana haoni tofauti. Haoni kwa sababu haendi kule tofauti ilipo.

Sasa mbona seti nyingi za kruza ni za senterifugo? ProCharger wa Marekani wanawauzia wenye Harley hizohizo. Kuna sababu, ni ndogo kwa umbo, joto lake ni dogo kuliko la Roots, na kwa vile presha inakuja juu, inaihurumia injini huku chini. Kwa mtu anayetaka kufungua barabara ya Chalinze ni sawa. Kwa anayetaka mvuto wa kutoka taa nyekundu za Morocco ningemwambia atafute ya skrubu au aongeze cc tu, ila sio wengi wanaopenda kusikia hivo maana kuongeza cc hakuonekani kwenye picha.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kwamba nguvu ikishatoka kwenye pistoni lazima ipite sehemu kabla haijafika barabarani. Klachi inaanza kuteleza, unafungua mafuta mizunguko inapanda na pikipiki haiendi, basi ujue sahani au springi hazitoshi. Krenki za Harley nyingi ni za kushindiliwa, vipande vimebanwa kwa presha sio kipande kimoja kilichofuliwa, na mzigo mkubwa wa ghafla unaweza kuvihamisha kidogo tu, kidogo kisichoonekana kwa macho, na kuanzia hapo injini inatetemeka na beringi zinaanza kuondoka moja moja. Wanaofanya kazi hii kwa uzito wanaichomelea krenki kabla ya kuongeza presha. Ongeza na breki, kruza ina kilo 300 na ushee bila wewe, na hakuna mtu kiwandani aliyezipima breki zile kwa mwendo unaoutafuta.

Fyuli watu wanaipigia kelele bure. Ukitembea taratibu mafuta hayaongezeki sana, seti nzuri zina valvu ya kupitisha hewa pembeni, usipofungua mafuta pampu inazunguka tu bila kubana. Inakunywa pale unapoitumia. Na ule mlio wa pshh ukifunga mafuta ni hewa inaachiwa, hauongezi farasi hata mmoja, kuna watu wanauza hicho kimlio peke yake na kinanunuliwa.

Nikija kwenye kale kafeni ka umeme, hapa sina lugha ya upole. Kuibana hewa ya injini ya cc 1,868 ikiwa kwenye 5,000 kwa psi 6 kunataka nguvu kama kilowati 5, karibu farasi 7. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni zaidi ya ampia 400, wakati chaji ya Harley kubwa nzima iko kwenye ampia 50 hivi, taa na redio na kila kitu humohumo. Kafeni kenye nyaya mbili nyembamba kama za indiketa kanatoa wapi hizo ampia? Kanapuliza, ukiweka mkono unasikia upepo, lakini kupuliza na kubana ni vitu viwili, injini ikifika mizunguko ya maana inavuta hewa haraka kuliko kanavyopuliza na kanageuka kizuizi. Boxer ya 150 nayo hivohivo, injini ndogo, farasi 12, kabureta, ukifanikiwa kuisukumia hewa ya kweli kabureta yenyewe itaanza kurudisha petroli maana haikutengenezwa kuhimili presha. Mwenye bodaboda anayetaka nguvu aangalie sproketi, ringi na eya klina, hela yake itamrudia.

Kitu kimoja ambacho supachaja inafanya vizuri na hapa Dar hutakiona ni mlimani. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa imepungua karibu asilimia 18, na pikipiki yoyote ya kuvuta hewa yenyewe inafika kule imepoa. Ndege za vita kuu ya pili zilifungwa supachaja kwa sababu hiyohiyo, injini ya Merlin ya Rolls-Royce isingefanya chochote huko juu bila hiyo. Kwa hiyo kama safari zako ni za kupanda Kitonga na kuendelea Iringa, una hoja nzuri kuliko yule wa Coco Beach.

Gharama. Seti za maana zinaanzia dola elfu kadhaa kabla ya meli na ushuru, na hiyo ni sehemu tu. Weka nozeli, pampu ya mafuta, sensa, klachi, kupangwa upya kontrolo boksi na mtu mwenye kipima hewa na mafuta kwenye ekzosi, sio wa kusikiliza kwa sikio. Gerezani utapata vitu vingi, mkanda wa supachaja ya Harley hutaupata, kwa hiyo agiza miwili mitatu mapema maana ukikatika pikipiki inalala mpaka mzigo ufike. Na filta isiwe ya kuonyesha umbo, vumbi letu likiingia kwenye feni inayozunguka makumi elfu kwa dakika linaila kama msasa. Bima nao waambie, injini uliyowaandikia sio hiyo tena, na siku ya ajali hawatakosa kuliona lile konokono la chuma pembeni.

Mimi ukiniuliza, mtu mwenye Harley ya 107 anayetafuta mvuto tu ningemwanzisha na kubadilisha programu ya kontrolo boksi, eya klina na ekzosi, halafu cc. Anayetafuta farasi 160 akanunue Rocket 3 tangu mwanzo, ina cc 2,458 na farasi zaidi ya 160 bila pampu yoyote na kiwanda ndo kinabeba lawama. Lakini najua kuna wanaotaka supachaja kwa sababu ni supachaja, sina ugomvi nao, wafanye kwa mpangilio: mafuta na sensa kwanza, klachi, ndo pampu, psi 5, na plagi zifunguliwe baada ya kila mbio ndefu mpaka utakapozoea kuzisoma.

Na kama unanunua ya mkononi ambayo imeshafungwa, usianze kuuliza ina farasi wangapi. Uliza kompresheni ni ngapi na presha ni ngapi, uliza nani kaipanga kontrolo boksi na karatasi ya vipimo iko wapi, halafu omba plagi ya silinda ya nyuma ifunguliwe hapohapo mbele yako injini ikishapoa. Muuzaji akianza kusema haina haja, panda bajaji urudi nyumbani.